Unaenda kusoma Nizhny Novgorod? Jinsi ya kuuzoea mji wa mito miwili ukitokea Mwanza

Kila ikifika msimu wa skolashipu za Urusi meseji zinakuwa nyingi, kijana wa Buhongwa, binti wa Nyegezi, juzi kati mzazi mmoja wa Ukerewe, wote wamepangiwa Nizhny Novgorod na wote wanauliza kitu kimoja, baridi ikoje. Baridi nitaieleza humu ndani, lakini baridi ni tatizo la koti na viatu, ukishanunua limeisha. Tatizo kubwa nililoliona kwa Watanzania kule ni jingine, mtu anasoma udaktari miaka sita anajua hosteli, darasa na supamaketi, basi, anarudi nyumbani hata hajui alikuwa anaishi wapi. Na mtu wa Mwanza ndo hatakiwi kabisa kurudi hivyo, maana ule mji umetengenezwa na maji, soko lake limetoka majini, viwanda vyake vimefuata maji, na we umekulia kwenye jiji ambalo gati, kivuko, mwalo na stesheni ya treni vimebanana pembezoni mwa ziwa, kwahiyo jicho unalo tayari. Hapa nakuelekeza namna ya kulitumia, pamoja na mambo ya vibali na hela ambayo ukiyakosea wiki ya kwanza utahangaika mwaka mzima.

Anza na mito, ramani ya chuo baadae

Ukishafungua ramani tafuta sehemu mto Oka unapoingia kwenye Volga. Volga ni ule mto mrefu kuliko yote Ulaya, kama kilomita 3,500 mpaka Bahari ya Kaspi, Oka nao una kama 1,500, na vinakutana katikati ya mji, kwenye ncha ya ardhi inayoitwa Strelka. Sasa angalia pande mbili za Oka. Upande wa kulia ni kilima kirefu kinachoporomoka mpaka majini, kule ndo kuna ngome ya zamani, ofisi za serikali, na vyuo vikubwa karibu vyote. Upande wa kushoto ni tambarare, kule kuna stesheni kubwa ya treni, soko kuu la enzi zile, uwanja wa mpira na viwanda. Wenyeji nao wanaugawa mji hivyohivyo, kilimani na ng'ambo ya mto, na mtu akikuuliza unakaa wapi anachotaka kujua kwanza ni hicho.

Kwahiyo kabla hujasaini hosteli au hujachukua chumba cha kupanga uliza iko kilimani au ng'ambo. Sio swali la ushamba. Asubuhi na jioni madaraja ya Oka yanajaa magari, ukikaa ng'ambo na chuo kiko kilimani unavuka mto kila siku, na kama hauko karibu na metro, treni ya mjini ya chini ya ardhi, utasota kwenye basi. Metro yao ilifunguliwa 1985, ina njia mbili na stesheni chache tu, na kwa miaka mingi ilikuwa inaishia ng'ambo kwenye viwanda, mpaka 2012 ndo ikavuka daraja ikafika kilimani stesheni ya Gorkovskaya. Nyumba za ng'ambo zina bei nafuu kidogo, ila piga hesabu na ya muda wako.

Jinsi ya kuisoma historia yake kwa miguu

Wengi wanaisoma historia ya mji kwenye simu wakiwa kitandani alafu haikai kichwani. Fanya hivi, Jumamosi yako ya kwanza isiyo na theluji, kama umefika Septemba inawezekana kabisa, vaa raba nzuri, beba maji na mkate, anzia ngomeni asubuhi.

Mji ulianzishwa 1221 na mwanamfalme Yuri Vsevolodovich wa Vladimir, na akauweka pale kwenye kilima kwa sababu aliyekaa pale anaona kila chombo kinachopanda na kushuka mito yote miwili. Ukisimama ukutani utamwelewa bila kusoma kitabu chochote. Ngome yenyewe ya matofali mekundu ni ya mwanzoni mwa karne ya 16, minara 13, ukuta kama kilomita 2 unaopanda na kushuka na mteremko. Ndani kuna kanisa dogo la Malaika Mkuu Mikaeli na humo amezikwa Kuzma Minin. Huyu simama usome habari zake vizuri. Alikuwa mfanyabiashara wa nyama, mtu wa kawaida kabisa, na mwaka 1611 Urusi ikiwa haina mfalme na Wapolandi wamekaa Moscow yeye ndo aliwaambia wafanyabiashara wenzake watoe mali zao kuunda jeshi la wananchi, wakamweka mwanamfalme Dmitry Pozharsky kuliongoza, na 1612 wakaikomboa Moscow. Ile sanamu ya watu wawili pale Red Square ni wao, na sikukuu ya tarehe 4 Novemba kule ni kumbukumbu ya tukio hilo, kwahiyo hiyo siku usiende ofisi yoyote, imefungwa. Mimi nadhani bila kumjua Minin huwezi kuwaelewa watu wa huo mji, wanajiona ndo waliookoa nchi wakati wakubwa wameshindwa, na hilo hawalisahau.

Pembeni ya ukuta kwa ndani wamepanga vifaa vya vita vilivyotengenezwa hapohapo mjini, vifaru, ndege, hadi kipande cha nyambizi. Viangalie, tutavirudia.

Toka ngomeni nenda kwenye sanamu ya rubani Valery Chkalov, ambaye 1937 aliruka na wenzake wawili kutoka Moscow kupitia Ncha ya Kaskazini hadi Vancouver ya jimbo la Washington, Marekani, bila kutua. Hapo zinaanza ngazi kubwa zinazoshuka mpaka ukingo wa Volga kwa umbo la namba nane, zilikamilika 1949, na mateka wa Kijerumani walishiriki kuzijenga. Ukihesabu pande zote mbili ni ngazi zaidi ya 500. Mtu aliyezoea kupanda vilima vya Mabatini na Igogo hazimtishi, lakini zishuke tu siku hiyo, usizipande, safari bado ndefu.

Chini ukingoni fuata maji kuelekea Strelka, utapita bandari ya abiria na mtaa wa Rozhdestvenskaya, huu ulikuwa mtaa wa matajiri wa biashara, nyumba zao na benki zao bado zipo, na kuna kanisa moja la akina Stroganov, familia ya matajiri, limechongwa maua na matunda ya mawe kutoka chini mpaka juu, ukipita usiangalie simu. Alafu vuka Oka kwa miguu kwa daraja la Kanavino. Hilo lilijengwa 1933, kabla yake pale palikuwa na daraja la kuelea tu juu ya mitumbwi mikubwa, linawekwa maji yakifunguka na kutolewa barafu ikikaribia.

Ng'ambo ndo unafika kwenye kitu kilichoutajirisha mji, gulio. Zamani gulio hilo lilikuwa mbali kidogo, kwenye monasteri ya Makaryev chini zaidi ya Volga, likaungua 1816, na 1817 serikali ikalihamishia Nizhny kwenye mito inapokutana. Mhandisi aliyesimamia ujenzi alikuwa Mhispania, Agustín de Betancourt, eneo lilikuwa linafurika kila masika ikabidi wapandishe udongo na kuchimba mifereji. Kila kiangazi ilikuwa inakuja chai ya China, chuma cha milima ya Ural, manyoya ya Siberia, pamba ya Asia ya Kati, mazulia ya Uajemi, na Warusi wenyewe walikuwa wanasema Petersburg ni kichwa cha Urusi, Moscow ni moyo na Nizhny ni mfuko. Reli kutoka Moscow ilifika 1862, mzigo ukawa unashuka melini unapanda treni. Wazee wetu wanaokumbuka pamba inavyotoka vijijini Usukumani na kukutana na reli iliyofika Mwanza 1928 wataielewa hiyo biashara haraka sana, faida kubwa iko pale mzigo unapobadilisha chombo. Jengo kuu la gulio, la 1890, bado lipo na linatumika kwa maonesho.

Ila usione majengo tu. Mzigo wote huo kabla ya meli za mvuke ulikuwa unavutwa kupanda mto na binadamu, wanaume, na wanawake pia walikuwepo, wamefungwa mikanda kifuani, wanatembea ukingoni wanavuta jahazi kwa kamba kwa miezi. Nizhny ndo palikuwa makutano yao makubwa, wanakuja masika kutafuta ajira. Mwandishi Maxim Gorky aliyezaliwa hapo 1868 babu yake alianza maisha na kazi hiyo, nyumba ya huyo babu ipo kilimani na ni makumbusho, ndogo, ya mbao, nenda. Kuhusu mji huu kuitwa kwa jina lake, kuanzia 1932 mpaka 1990 ulikuwa unaitwa Gorky, kwahiyo ukikuta cheti cha zamani au gari limeandikwa Gorky ujue ni hapohapo.

Maliza siku Strelka. Kuna kanisa kubwa la njano la Alexander Nevsky lililojengwa kwa michango ya wafanyabiashara wa gulio likamalizika 1881, na nyuma yake uwanja wa Kombe la Dunia 2018 wa watu kama 45,000, ule ambao Croatia aliifunga Argentina 3-0 na England akaipiga Panama 6-1. Hapo katikati palikuwa bandari ya mizigo miaka na miaka, makreni yameondolewa, wakayakuta maghala ya chuma ya karne ya 19 wakayakarabati, leo ni ukumbi wa muziki. Mimi kila nikipita bandari ya Mwanza South nawaza hilo. Metro ya Strelka ipo hapohapo, ilifunguliwa 2018, ikurudishe hosteli.

Siku ya viwanda iwe peke yake

Hii ndo sehemu ninayotamani kila mwanafunzi wetu aifanye, hasa wa uhandisi. Panda metro njia nyekundu mpaka mwisho, Park Kultury, uko mtaa wa Avtozavod. Mwaka 1929 Wasovieti walisaini mkataba na kampuni ya Ford, wakajengewa kiwanda kwenye uwanda mtupu na kampuni ya Kimarekani ya Austin, na Januari 1932 lori la kwanza likatoka, lilikuwa Ford kwa kila kitu isipokuwa nembo. Hicho ndo kiwanda cha GAZ. Vijana wa Kimarekani walikwenda kufanya kazi pale kufundisha wakulima waliokuwa hawajawahi kushika spana, mmoja wao Walter Reuther alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa chama cha wafanyakazi wa magari Marekani. Kilichonishika mimi ni kwamba hawakuishia kununua mashine. Walijenga mji mzima wa wafanyakazi pembeni, shule, hospitali, nyumba, vyuo vya ufundi, na baada ya miaka michache wakawa wanachora magari yao wenyewe. Gari la Volga lililobebea mabosi wa Kisovieti limetoka hapo, na Gazel, zile pikapu na vibasi unavyoona kila kona Urusi, zimeanza hapo 1994 na ndo zilizokiokoa kiwanda baada ya nchi kuvunjika. Kina makumbusho yake, ingia.

Wakati wa vita kiwanda kilikuwa kinatoa malori na vifaru vyepesi, Wajerumani wakakipiga mabomu kuanzia 1941, na Juni 1943 ndo walikipiga usiku kwa usiku mpaka wakabomoa karakana nyingi, wafanyakazi wakaijenga upya huku uzalishaji ukiendelea. Ukiwa Avtozavod utakutana na wazee ambao wazazi wao waliyaishi hayo. Waulize kwa heshima, wanasimulia.

Upande mwingine wa ng'ambo kuna Sormovo, kiwanda cha meli kilichoanza 1849. Hapo zilitoka meli za mvuke za Volga, vichwa vya treni, kifaru cha kwanza cha Kisovieti mwaka 1920, vifaru vya T-34 wakati wa vita, nyambizi, na mpaka leo wanaunda meli za mizigo. Na hapo hapo alifanyia kazi mtu ambaye kwa maoni yangu kila kijana wa kandokando ya ziwa angepaswa kumjua, Rostislav Alexeyev. Huyu alimaliza chuo mjini hapo 1941 na mradi wake wa mwisho ulikuwa boti yenye mabawa chini ya maji. Inavyofanya kazi ni hivi, boti ikiongeza mwendo yale mabawa yanainua mwili wote juu ya maji, kinachobaki ndani ni mabawa na propela tu, kwahiyo msuguano wa maji unapungua sana na mwendo unapanda kwa mafuta yaleyale. Wakubwa hawakumwamini kwa miaka. Agosti 1957 boti yake ya abiria inayoitwa Raketa ikatoka Gorky hadi Kazan, kilomita 420, kwa saa 7. Sasa we fikiria mtu anayepanda meli ya Bukoba jioni Mwanza analala humo anafika asubuhi. Najua ziwa letu lina mawimbi na boti hizi zinapenda maji tulivu, wao wenyewe walitengeneza aina nyingine kwa ajili ya bahari, lakini mwanafunzi wetu wa uhandisi wa meli akienda kule asipoyauliza hayo maswali nani atayauliza. Chuo kikuu cha ufundi cha mji kina jina lake Alexeyev, hivyo ukisoma pale unasoma kwenye nyumba yake.

Onyo moja hapa na nalisema kwa uzito. Sormovo na kiwanda cha ndege cha Sokol vinahusika na jeshi. Usipige picha geti, usipige picha ukuta, usipeperushe droni popote, simu ikae mfukoni. Na vita vipo, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kstovo jirani na mji kimeshashambuliwa kwa droni zaidi ya mara moja, uwanja wa ndege unaweza kufungwa ghafla, na intaneti ya simu inazimwa siku zingine, kwahiyo weka ramani ya 2GIS kwenye simu ukiwa bado na wifi, inafanya kazi bila bando.

Kwa nini wazee wetu hawaujui

Ukimuuliza mzee aliyesoma Urusi enzi za Mwalimu atakutajia Moscow, pale chuo cha Lumumba, au Leningrad, au Kiev. Gorky hatakutajia. Kwa sababu ya hivyo viwanda mji ulifungwa kwa wageni kutoka 1959 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, hata watalii wa meli za Volga walikuwa wanapitishwa usiku. Ndo maana serikali ilimpeleka huko Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyekuwa kwenye timu ya bomu la haidrojeni akageuka mtetezi wa haki za binadamu akapata Nobeli ya Amani 1975. Alipolaani vita vya Afghanistan, Januari 1980 wakamtupa Gorky, fleti ya ghorofa ya chini kwenye barabara ya Gagarin namba 214, polisi mlangoni, simu hana. Desemba 1986 mafundi walikuja usiku kumwekea simu bila yeye kuomba, kesho yake Gorbachev mwenyewe akapiga kumwambia arudi Moscow. Nyumba hiyo ilifanywa makumbusho 1991. Barabara ya Gagarin ndo ileile yenye kampasi kuu ya chuo cha Lobachevsky, basi lako litapita nje ya hilo jengo. Na Lobachevsky mwenyewe, yule wa jiometri ambayo mistari sambamba haifuati sheria ya Euclid, alizaliwa mjini hapo 1792.

Kwa mji uliokuwa umefungwa hivyo, wageni weusi ni jambo la juzi kwa wazee wengi. Utaangaliwa. Mara nyingi ni kushangaa tu, bibi kwenye basi anaweza kukukazia macho alafu akakupa pipi, lakini watu wabaya nao wapo kama popote, usiku mwingi usitembee peke yako na walevi wapishe. Chuo cha udaktari kina wageni wengi, Wahindi na Waafrika, utapata wenzako siku ya kwanza.

Vibali, hela na simu

Ukifika kabidhi pasipoti na ile karatasi ya uhamiaji ya mpakani kwa chuo siku hiyohiyo au kesho yake wakusajili, usisubiri wakuite, muda wa kisheria ni siku chache za kazi. Ukisafiri mji mwingine ukalala hoteli ukirudi waambie tena. Anayekaa zaidi ya siku 90 anapimwa afya na kuchukuliwa alama za vidole, ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakupangia, we wasumbue. Laini ya simu kwa mgeni siku hizi haipatikani kwa dakika mbili, unasajiliwa mpaka sura, kwahiyo waambie nyumbani wasipaniki ukipotea hewani siku kadhaa. Facebook na Instagram zilifungwa 2022 na simu za WhatsApp zilianza kubanwa 2025, kubalianeni na familia mapema njia ya pili ya kuongea. Angalau saa ni zilezile, Moscow na Nizhny ziko sawasawa na Tanzania, mama hatakosea kupiga usiku wa manane.

Kadi za Visa na Mastercard za benki za huku hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Hii inawakuta watu wengi uwanjani hawana hata hela ya treni. Beba dola taslimu, mpya na safi, za kukutosha miezi ya mwanzo, alafu ukishasajiliwa fungua akaunti upewe Mir, kadi ya benki ya Warusi wenyewe.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Mwanzoni mwa 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, akakubali kujiunga na Wagner, kundi la Kirusi la wapiganaji wa kukodiwa, ili aachiwe, akafia vitani Ukraine. Mtu yeyote akikuletea mkataba wa hela nyingi wenye maandishi ya Kirusi usiyoyaelewa, iwe ulinzi, iwe kiwanda, iwe chochote kinachotaja jeshi, usisaini. Usiguse dawa za kulevya wala kubebea mtu kifurushi. Ukipata shida piga ubalozi wetu Moscow kabla hujasaini karatasi yoyote ya polisi.

Baridi, chakula, na mto ukiganda

Januari wastani ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri na kuna siku inashuka 20 na zaidi. Sweta na kofia nunua mitumba soko la Mlango Mmoja, bei rahisi na nzito kweli kweli, lakini buti usinunue Mwanza, buti za barafu zina soli yake, nunua kulekule. Ndani kuna joto muda wote wa baridi, inatoka kwenye mabomba ya mji mzima, kwahiyo vaa nguo nyingi nyepesi unazoweza kuvua. Kinachowachosha watu zaidi ni giza, Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri, mtu unatoka darasani ni usiku. Toka nje mchana hata dakika ishirini, kila siku. Juni ni kinyume, linazama karibu saa tatu usiku, na wenyeji wanajazana kilimani kuliangalia likizamia ng'ambo ya mito.

Chakula kula kwenye kantini zao, stolovaya, supu ya kabichi, uji wa buckwheat na nyama, bei ya mwanafunzi. Unga wa mahindi unapatikana ila wa njano na una chenga. Samaki tafuta sudak, mnofu mweupe mgumu kidogo, mtu wa sangara ataridhika, na supu ya samaki inaitwa ukha.

Mto unaganda, boti zinasimama takriban Novemba mpaka Aprili, na utaona wazee wamekaa kwenye barafu wametoboa tundu wanavua kwa kamba. Usiwafuate peke yako, hasa Machi barafu inapolainika watu huzama kila mwaka kwenye mito ya Urusi. Ukitaka kuuona mto ulioganda kwa usalama panda kebokaa, vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, ya kwenda Bor, mji wa viwanda vya kioo ng'ambo ya Volga. Ilifunguliwa 2012, urefu kilomita 3.66, hata daraja letu la Kigongo–Busisi halifikii hapo, dakika kama 13 hivi, na watu wa Bor wanaitumia kwenda kazini kama daladala. Ila upepo ukivuma wanaisimamisha, angalia kabla hujatoka hosteli.

Boti zikianza tena, nenda bandari ya abiria ukate tiketi ya Valdai ya kwenda Gorodets. Hizi ni boti mpya za mabawa, zinabeba watu 45 kwa mwendo wa kama kilomita 65 kwa saa, zinachorwa na ofisi ileile aliyoianzisha Alexeyev. Kaa siti ya dirishani upande wa nyuma ili uone boti inavyoinuka juu ya mabawa, na Gorodets nunua keki zao za tangawizi na asali. Pasipoti ibebe, na rudi na boti ya siku hiyohiyo, za jioni hujaa mapema wikiendi.